Mwongozo kamili wa kuendesha baiskeli kwenye barabara tulivu za msituni

Barabara tulivu haipatikani kwa bahati. Ukitoka na baiskeli ukafuata tu kibao cha mji unaofuata, utajikuta unabanana na malori pembezoni mwa lami, msitu ukiuona kwa mbali. Kazi kubwa hufanyika kabla hujapanda, kwenye ramani na kwenye saa. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi huko kuliko kwenye vifaa, ingawa najua wengi wetu tunapenda zaidi kupiga soga za vifaa.

Jingine la kujua mapema ni kwamba utulivu una hatari zake. Kwenye barabara inayopitwa na gari moja kila robo saa, dereva huamini yuko peke yake, na mwendesha baiskeli naye huamini vivyo hivyo. Hukutana kwenye kona.

Hatua ya 1: Tafuta barabara ambayo gari halina sababu ya kuipita

Wengi hutafuta barabara nyembamba. Wembamba peke yake si dalili nzuri, kwa sababu zipo barabara nyembamba ambazo ndizo njia pekee kati ya miji miwili, na humo watu huendesha kwa fujo kuliko kwenye barabara kuu. Jiulize hivi: mtu mwenye gari na haraka zake angepita hapa kwa nini? Ukikosa jibu, umepata barabara yako.

Iliyo bora kuliko zote ni ile inayokwenda sambamba na barabara kuu mpya. Mara nyingi ndiyo iliyokuwa barabara kuu ya zamani. Lami bado ipo, madaraja bado yapo, lakini magari yamehamia upande wa pili wa kilima. Ya pili ni ile inayopita katikati ya mteremko wa bonde. Barabara ya bondeni hubeba malori na mabasi, ya juu kilimani huvutia watu wa kutalii, na ile ya kati, yenye kona nyingi na isiyofika popote kwa haraka, huachiwa wenyeji na miti. Barabara isiyo na mwisho wa kutokea ndiyo tulivu kupita zote, mradi ukubali kurudi ulikotoka.

Maadui nao wanajulikana. Angalia mwisho wa barabara kuna nini. Kiwanda cha mbao au machimbo ya mawe maana yake ni malori siku za kazi. Ziwa, maporomoko ya maji au kilele chenye mandhari maana yake ni magari ya familia na pikipiki za starehe mwisho wa wiki. Halafu kuna njia za mkato ambazo programu za simu huwaelekeza madereva kila foleni inapotokea kwenye barabara kuu. Hizi hukaa kimya mchana kutwa, kisha hujaa asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kurudi kazini.

Sasa fungua ramani. Ninapendekeza OpenStreetMap, mradi wa ramani huria ulioanzishwa mwaka 2004, kwa sababu huonyesha vijia ambavyo ramani nyingine huvipuuza. Kwenye mwonekano wake wa kawaida, barabara kubwa zimepakwa rangi nyekundu hafifu, chungwa na njano. Nyeupe nene ni ndogo zaidi, na nyeupe nyembamba ni ndogo kabisa. Hizo nyeupe ndizo zako. Njia za shambani na msituni huchorwa kwa vistari vya kahawia, na kadiri vistari vinavyozidi kuwa vifupi na kuachana, ndivyo njia inavyozidi kuwa mbovu. Ukitaka kuona mistari ya mwinuko na aina ya uso wa barabara, tumia ramani ya CyclOSM, inayotumia takwimu hizo hizo lakini imechorwa kwa ajili ya waendesha baiskeli.

Baada ya ramani, geukia picha za setilaiti. Barabara ikipotea kabisa chini ya vichwa vya miti, ujue ni nyembamba na yenye kivuli, na magari humo hulazimika kwenda taratibu. Kingo zake mbili zikionekana wazi kama zimepigwa rula, ni pana, na upana hualika mwendo kasi. Kama kuna picha zilizopigwa barabarani, tafuta vitu viwili: mstari mweupe wa katikati na nyasi. Pasipo mstari wa katikati, kwa kawaida barabara haina nafasi ya magari mawili kupishana kwa kasi. Na ukiona nyasi zimeota katikati ya lami, kati ya mapito mawili ya matairi, weka alama hapo.

Tahadhari moja: ramani zinazoonyesha mahali waendesha baiskeli wengi wanapopita hazipimi utulivu. Hupima mazoea tu. Barabara inaweza kung'aa kwenye ramani hizo kwa sababu klabu fulani hufanyia mazoezi hapo kila Jumapili, magari yakiwa pembeni yao.

Ulaya kuna sehemu ambako kazi hii umeshafanyiwa. Mtandao wa njia za baiskeli ambazo makutano yake yamepewa namba, ambao ulianzia mkoa wa Limburg nchini Ubelgiji mwaka 1995 na kuenea hadi Uholanzi, hukuwezesha kuandika namba chache kwenye karatasi na kupita msituni siku nzima bila kufungua simu. Kwingine kuna njia za reli za zamani zilizogeuzwa kuwa za baiskeli, na uzuri wake ni kwamba treni hazikuweza kupanda milima mikali, kwa hiyo hata wewe hutapanda.

Hatua ya 2: Chagua saa kabla ya kuchagua siku

Barabara ileile ina sura tatu au nne kwa siku moja. Asubuhi ya Jumapili, kati ya mapambazuko na saa nne, ndiyo dhahabu. Siku za kazi, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana huwa kimya kuliko watu wanavyodhani, isipokuwa pale panapokatwa miti.

Machweo ni matamu kwa macho, lakini ndiyo saa ambayo wanyama kama paa na nguruwe mwitu huvuka barabara, na jua likiwa chini humpofusha dereva anayetoka nyuma yako. Mimi hupanga niwe nimetoka msituni saa nzima kabla jua halijazama. Siku ya upepo mkali usiingie, na kesho yake ingia kwa uangalifu, maana matawi yaliyovunjika hubaki yamening'inia na huanguka yanapotaka. Kama nchi uliyopo ina msimu wa uwindaji, ujue tarehe zake, vaa rangi kali, na ubaki barabarani.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya muda, si ya kilomita

Kilomita 60 za tambarare na kilomita 60 za vilima vyenye miti si safari moja. Kwa anayeanza, hesabu kilomita 15 hadi 18 kwa saa kwenye tambarare, kisha ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Njia ya kilomita 60 yenye jumla ya mita 800 za kupanda itakuchukua kama saa nne kwa kukanyaga na saa moja na dakika 20 za milima. Ukiongeza vituo, ni saa sita. Ukifika mapema, hakuna atakayekulaumu.

Tia alama kwenye ramani mahali pa kupata maji, na sehemu mbili au tatu ambapo unaweza kukatisha na kurudi. Pakua ramani kwenye simu ili ifanye kazi bila mtandao. Kipokea setilaiti cha simu (GPS) hakihitaji mawimbi ya kampuni ya simu, kwa hiyo ukizima mtandao bado utaona ulipo, na betri itadumu. Chini ya miti mizito na kwenye mabonde membamba, alama ya mahali ulipo huruka mita kadhaa pembeni. Kwenye njia panda za karibu karibu usiiamini mara moja. Songa kidogo, uone inakoelekea.

Mwisho wa hatua hii, mwachie mtu njia yako na saa ya kurudi.

Hatua ya 4: Andaa baiskeli

Huhitaji baiskeli ya bei. Unahitaji tairi pana kidogo, gia nyepesi, na breki zinazoshika.

Kwenye tairi ndiko ninakong'ang'ania. Tairi za milimita 23 au 25 zilizojazwa upepo hadi ziwe ngumu kama jiwe ni kwa ajili ya lami laini. Barabara ya msituni ina mizizi iliyoinua lami, viraka juu ya viraka, na kokoto. Milimita 28 ndiyo ya chini kabisa, 32 ni nzuri, na kama njia yako ina vipande vya vumbi, 38 au 40. Upana ukiongezeka, upepo unapungua. Kwa mtu wa kilo 70 hivi anayetumia tyubu za kawaida, anza na psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 65 hadi 70 kwa tairi za 28, psi 50 hadi 60 kwa 32, na psi 35 hadi 45 kwa 40, tairi la mbele likiwa chini ya la nyuma kwa psi 3 hadi 5. Mzito aongeze, mwepesi apunguze. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu kabisa kisichopaswa kuvukwa, na mara nyingi si kiwango kinachokufaa.

Kuhusu gia, kipimo changu ni rahisi: gia yako nyepesi kabisa iwe na meno ya nyuma yanayolingana na ya mbele au kuyazidi. Kwa gurudumu la kawaida lenye mzingo wa mita 2.1, mizunguko 60 ya pedali kwa dakika katika gia ya meno sawa hukupeleka kilomita 7.5 hivi kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ya kupanda mwinuko mkali bila kushuka na bila kuua magoti.

Weka taa, hata mchana. Nyekundu ya nyuma inayomweka na nyeupe ya mbele. Dereva anayetoka kwenye jua kali akaingia kivulini huchukua muda kabla macho yake hayajazoea, na katika muda huo nguo yako nyeusi haipo.

Hatua ya 5: Mkoba mdogo chini ya siti

Tyubu mbili, viraka na gundi, vile vipande viwili vya plastiki vya kung'olea tairi, pampu ya mkono, spana ndogo za kukunja, na kiungo kimoja cha cheni cha kufungia. Ongeza kipande cha tairi kuukuu cha ukubwa wa kidole gumba. Tairi ikichanika ubavuni, kipande hicho ukikiweka ndani kati ya tairi na tyubu kitakufikisha nyumbani. Mitungi midogo ya gesi hujaza upepo haraka, lakini ikiisha imeisha. Pampu haiishi. Koti jepesi la mvua libebwe hata kama mbingu ni safi, kwa sababu chini ya miti kuna ubaridi, na jasho la mlimani hugeuka baridi kali mara tu unapoanza kuteremka.

Hatua ya 6: Barabarani

Soma uso wa barabara. Kivuli cha msitu huzuia jua kukausha lami, kwa hiyo mvua ya jana usiku bado ipo leo mchana pale ambapo miti imekutana juu. Majani yaliyolowa huteleza vibaya, na ubaya wake ni kwamba huficha mashimo. Ukoga wa kijani katikati ya barabara au ukingoni ni utelezi mtupu. Ukifika hapo, punguza mwendo kabla, kisha pita ukiwa umenyooka, bila kushika breki na bila kukata usukani. Madaraja ya mbao, mifuniko ya chuma na reli vyote hupitwa vivyo hivyo. Reli ivuke kwa kuikata pembe mraba, la sivyo gurudumu la mbele litaingia kwenye mfereji wake.

Mwanga na kivuli vikipokezana, macho hudanganyika: shimo hufanana na kivuli cha tawi. Miwani yenye kioo cheusi sana haifai msituni. Vaa ya kioo angavu au inayobadilika yenyewe kulingana na mwanga.

Kona ndiyo mtihani. Kanuni yangu ni kwenda kasi ambayo unaweza kusimama ndani ya nusu ya umbali unaouona mbele, kwa sababu nusu nyingine ni ya anayekuja. Kwa kilomita 30 kwa saa unasafiri zaidi ya mita 8 kila sekunde, na kwa kilomita 40 ni mita 11. Kama unaona mita 20 tu mbele yako, sekunde moja ya kushtuka tayari imekula karibu nusu yake.

Maliza kushika breki kabla hujaingia kwenye kona, si ukiwa ndani yake. Pedali ya upande wa nje iwe chini na uzito wako uwe juu yake, na macho yatazame unakotaka kutokea, kwa sababu baiskeli hufuata macho. Ukilitazama shimo, utalipata.

Unapokaa barabarani nako kuna hesabu yake. Acha takriban mita moja kutoka ukingoni, kwa sababu ukingo ndio unaobomoka na ndiko kokoto na miiba hukusanyika. Kwenye kona inayokunja kuelekea upande wako, anayetoka nyuma hukuona akiwa amechelewa, hivyo sogea kidogo kuelekea katikati kabla ya kuifikia, ili akuone mapema na asijaribu kukupita. Kwenye kona inayokunja upande wa pili, wa kuogopwa ni anayekuja mbele kwa kasi na kutanuka hadi upande wako. Hapo kaa upande wako kabisa.

Lori la magogo ni habari nyingine. Tela lake halifuati mapito ya kichwa, hukata ndani ya kona. Barabara ikiwa nyembamba na ukasikia injini kubwa, usishindane wala usihesabu haki zako. Tafuta mahali pa kutoka, shuka, simama pembeni, lipite. Ni nusu dakika tu. Vivyo hivyo, usivae visikilizio vya muziki. Msituni masikio ndiyo kioo chako cha nyuma, na gari husikika kabla halijaonekana. Mkiwa kikundi, wa nyuma apaze sauti akisikia gari, na mjipange mstari mmoja bila kusukumana.

Mbwa akitoka mbio, mara nyingi anafukuza mwendo. Ongea naye kwa sauti nzito na tulivu, punguza kasi, na ikibidi shuka uweke baiskeli katikati yenu. Mnyama wa porini akivuka, usipite mara moja nyuma yake, maana wengi wao hutembea wawili au zaidi na wa pili hujitosa bila kuangalia. Mpanda farasi mwite kwa sauti ya kibinadamu ukiwa mbali, si kwa kengele, kisha mpite kwa nafasi. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi.

Hatua ya 7: Pancha, kwa utaratibu

Toka barabarani kabisa, na usisimame kwenye kona. Hamishia cheni kwenye gia ya nyuma iliyo ndogo kabisa kabla ya kutoa gurudumu, itakurahisishia kulirudisha. Toa ubavu mmoja wa tairi, vuta tyubu nje, lakini usikimbilie kuweka mpya. Itie tyubu ya zamani upepo, tafuta tundu, kisha ipime dhidi ya tairi ili ujue mwiba uko wapi. Pitisha vidole taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima. Mwiba mmoja usioonekana ukibaki, tyubu mpya itatoboka kabla hujafika kona ya pili. Tundu mbili zilizo sambamba kama alama ya kuumwa na nyoka si za mwiba. Maana yake upepo ulikuwa mdogo, na rimu iliibana tyubu kwenye shimo.

Tyubu mpya itie upepo kidogo ili ipate umbo, ipachike, rudisha tairi kwa viganja, na umalizie upande wa valvu. Kabla ya kujaza, zunguka ukihakikisha tyubu haijabanwa mahali popote chini ya ukingo wa tairi.

Ukianguka au mwenzako akiumia pasipo mawimbi, jaribu simu ya dharura hata hivyo. Namba 112 hutumika katika nchi zote za Umoja wa Ulaya na nyingine nyingi, na simu za dharura mara nyingi hupita kwenye mtandao wa kampuni yoyote iliyo karibu. Msomee anayepokea namba za mahali ulipo (latitudo na longitudo) kwenye ramani ya simu. Jina la msitu pekee halimfikishi mwokoaji.

Hatua ya 8: Maji na chakula

Nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, zaidi kukiwa na joto. Safari ikizidi saa moja na nusu, kula kidogo kidogo, gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ubaridi wa msitu hukufanya usahau kiu, basi weka mazoea ya kunywa funda kila baada ya robo saa. Paul de Vivie, Mfaransa aliyejulikana kama Vélocio na kufariki mwaka 1930, aliwaachia wasafiri wa baiskeli kanuni kadhaa, miongoni mwao kula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu. Nyingine ilikuwa kutokanyaga pedali kwa ajili ya kujionyesha. Hiyo ikumbuke pale mwenzako mwepesi anapokuacha mlimani.

Hatua ya 9: Ukirudi

Jikague kupe siku hiyohiyo: nyuma ya magoti, kwenye kinena, kwapani na pembezoni mwa nywele. Ukimkuta, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja. Usimpake mafuta wala usimchome moto. Andika tarehe, na ukiona wekundu unaotanuka au homa katika wiki zinazofuata, nenda kwa daktari ukamwambie.

Cheni ifute kwa kitambaa kikavu, itie tone moja la mafuta kwa kila kiungo, kisha ifute tena. Mafuta yanayobaki nje hukusanya mchanga tu. Angalia tairi kwa vipande vya kioo na miiba iliyokwama, uvichokoe kabla havijapenya. Na kama umegundua kwamba ile barabara iliyochorwa kama ya lami ni ya changarawe, ingia OpenStreetMap uirekebishe. Kufungua akaunti ni bure, na marekebisho huonekana kwa wengine baada ya muda mfupi.